Bibi Yako Amemwona Salehe

S.L.P. 417,
Morogoro.
14 Julai, 2002.

Mpendwa mwanangu Twalibu,

Asalamu alaykum. Hujambo huko Durban? Kile kifua kimepona? Unakula? Huku sisi wazima, ila usingizi ndio haba. Nimeshika kalamu, maana kwenye kompyuta kutafuta herufi moja moja naweza kukesha.

Mwanangu, tangu mdogo wangu Salehe afie mikononi mwako, bibi yako amekataa hitma isomwe. Anasema habari za simu si maiti, pengine mmezika mtu mwingine. Kila gari likipanda huku kwetu Kinole, anauliza kama mwanawe yumo.

Basi ulivyosema umetuma picha kwa intaneti, nikamshusha mjini. Maduka ya intaneti siku hizi yapo kila kona. Mimi wa darasa la nne nilitangulia peke yangu, Shamimu mwenye duka akanifundisha, ili bibi yako asije akashikwa mkono na mgeni.

Nikamkalisha, nikamwekea kiganja juu ya kile kidude wanachokiita mausi. Akakinyanyua hewani. Nikamwambia hapana mama, kisogeze hapo hapo mezani. Akaniuliza, taratibu kama kumkanda mtoto? Nikasema ndiyo. Hata tukacheka kidogo.

Picha ikaja polepole, kuanzia juu. Sanda, halafu paji la uso, halafu lile kovu la kuanguka mtoni. Bibi yako akainua mkono.

"Basi. Ni yeye. Asije mwili wote."

Shamimu akasimamisha. Nyuma yetu walikuwapo vijana wanangoja zamu. Bibi yako akavua kanga ya begani, akaifunika kompyuta nzima.

Mimi nilitaka niizime upesi, machozi yananitoka. Akanizuia.

"Chausiku, nionyeshe pa kubonyeza. Hukumzaa wewe."

Tukaingiza vichwa chini ya ile kanga, nikamwonyesha kona ya kufungia picha. Akabonyeza mwenyewe. Salehe akaondoka.

Hitma amekubali, itasomwa Ijumaa. Lakini chakula hagusi, nami hofu imenijaa.

Mwanangu, mimi usinitumie picha. Njoo mwenyewe.

Baba yako anakusalimu, na dada yako Mwanahawa, na Mzee Mwinshehe jirani. Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwa miguu yako.

Ni mimi mama yako, akupendaye, asiyelala,
Chausiku