Kadi ya TV aliyonichagulia Wolfgang

Hhando, Wolfgang amenimaliza. Wolfgang huyu huyu aliyenisimamia harusi.

Si yeye ndiye aliyenichagulia kadi ya TV ya kuweka kwenye kompyuta? Leo nimemwalika baba mkwe kutoka Tlawi aje aone mpira kwangu. Nimemwamkia, nimemkalisha, nimewasha. Chenga tupu.

Nikampigia Wolfgang. Anasema, "Hiyo ni ya analojia, na analojia ilishazimwa."

Kwa hiyo alijua. Alijua, Hhando.

Nikamuuliza kwa nini basi kadi yake ni ya dijitali. Akanijibu taratibu kabisa: "Ningekuchagulia ya dijitali, nani angekuja kwenye banda langu la mpira?"

Baba mkwe aliondoka bila kuniaga. Sasa hivi yuko bandani kwa Wolfgang, kiti cha mbele.