Fundi wa Umeme wa Nyamianda

Nyamianda, Uvira
Jumanne, mwezi wa tatu, mwaka 2000

Kwa mudogo wangu Étienne, huko Kigoma,

Amani ya Bwana ikukute weye, bibi yako na watoto wote wa nyumba na lupango lako. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na macho, bado yanaona zile nyaya ndogo za redio za watu? Minye huku niko muzima. Miguu inanibeba, na meno yaliyobaki yanatafuna muhindi kupita meno ya vijana. Mvua inanyesha vizuri. Muhogo uko, watu wa kuula ndio wamepungua.

Najua unashangaa mwandiko. Umezoea barua zangu zenye herufi nzuri zilizosimama musitari mumoja, na zile ni za Claudette, mujukuu wetu, minye nasema, yeye anaandika. Leo nimeshika kalamu mwenyewe. Usicheke. Nilisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tatu, na kama baba hakunitoa masomoni juu ya ng'ombe zake, leo ungekuwa unabusu pete yangu. Kwa nini Claudette hakuandika, utaona. Nimemwambia Feza, yule muuza vitenge, binti ya muzee Asani, akupe barua hii mukononi mwako, si kwa mutu mwingine, na usome mpaka chini mbele ya kufungua kinywa.

Habari za hapa ni hizi. Nyaya za umeme wa mji zilikatwa na vita, zimebaki kuanikiwa nguo. Petroli ya taa hatuioni. Ku maternite ya hapa kwetu mama Gloriose anazalisha wamama kwa mwanga wa kijinga cha moto, na kuko mama mumoja alipotea mukononi mwake sababu damu ilitoka na yeye hakuona inatokea wapi.

Wakati ule masomo yalikuwa yangali wazi. Claudette alikuwa mwaka wa tano, na mwalimu wao Sévère aliwafundisha kitu alichokiita nguvu yenye haiishe. Alisema petroli inaisha na makala ya kupikia inaisha, lakini jua, upepo na maji vinarudi kila siku bila kuitwa. Tena alisema tukiendelea kukata miti ya mulima huu juu ya makala, mulima utashuka kulala ndani ya nyumba zetu.

Weye unanijua. Muchoma makala mwenye jina Uvira nzima ni nani? Nilienda kumugombeza palepale masomoni, mbele ya watoto. Nikamuuliza kama huo bukari wa muhogo aliokula ulipikwa kwa upepo. Akanijibu kwa heshima, muzee, siku hizi unakata miti wapi? Nikasema mbali, nyuma ya kilima cha pili. Akauliza, na ulipokuwa kijana? Watoto wakaanza kucheka. Kwa sababu weye na minye tulikuwa tunakata nyuma ya nyumba, Étienne, mama anatuita kula na tunasikia. Nikamwambia asinipotezee siku, nikarudi.

Muda kidogo nikakuta baiskeli yangu imesimama kwa gurudumu moja. Baiskeli yangu! Ile yenye dinamo, ile hata weye sikukuazima siku ya ndoa yako! Nikachukua fimbo, nikafuata nyayo za watoto, nikapanda mpaka kwa kamuto kale ka maji kanakoshuka nyuma ya kanisa. Nikawakuta Claudette na wenzake wa masomo. Gurudumu walilifunga ku miti miwili, wakalizungushia vipande vya mikebe ya mafuta ya musaada, maji yanapiga mikebe, gurudumu linazunguka, linasugua dinamo. Claudette akaniita, babu, njoo uone, akafunika taa kwa mikono miwili sababu jua lilikuwa kali. Nikachungulia kati ya vidole vyake. Ilikuwa inawaka. Vidole vya mutoto vilikuwa vyekundu kama makala ndani ya tanuru. Fimbo sijui niliiacha wapi mpaka leo.

Wakavuta waya mpaka ku maternite. Mutoto wa kwanza kuzaliwa ndani ya mwanga ule walimwita Thaddée, jina langu. Sikuwaomba.

Sasa sikiliza hapa, ndipo mambo yanaanza kuharibika. Padri alikuja kubariki ile taa, na watu wakajaa. Unajua desturi yetu. Kitu kinachotengenezwa ndani ya lupango, mukubwa wa lupango ndiye anasimama kukitangaza. Mutoto kusimama mbele ya wazee na kusema nimefanya minye, hiyo ni haya kwa jamaa yote. Basi nikasimama. Nikasema, minye Thaddée Ndayiragije nimeleta umeme Nyamianda. Nikasema nimeshika maji kwa shingo. Nikasema wazungu walihitaji machini kubwa kama kanisa, na minye nilihitaji gurudumu tu. Watu wakapiga makofi na kucheka, kwani kila mumoja alijua ni kazi ya Claudette, na mama Gloriose akanipigia kelele kwamba nimuonyeshe basi waya wa kuingia ni upi na wa kutoka ni upi. Claudette mwenyewe alicheka mpaka machozi. Jina lake halikutajwa. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwetu.

Lakini nyuma ya watu kulisimama askari mumoja, si mutu wa huku. Yeye hakucheka. Aliamini.

Jumapili wakaja mu lupango, komanda na watu wake, wakiuliza enjinia Thaddée. Wanayo radio yao ya vita huko juu mulimani, betri zinakufa, na mafuta ya mazutu ya machini yao yameisha. Wanataka mutu wa kuwafanyia umeme wa maji huko juu, na akae nao. Claudette alikuwa anapepeta muchele. Nikaona anaweka lungo chini, nikaona kinywa kinafunguka. Nikamukaripia, nikamwambia mutoto haongei mbele ya wageni, apeleke muchele ndani. Akainama, akaenda. Étienne, weye unajua wasichana waliopandishwa kule juu. Bernardine mama yake alikufa akiniachia huyu mumoja, hakuna mwingine.

Nikamwambia komanda, umefika kwa mwenyewe. Fundi ni minye. Akanitazama mikono, ikiwa myeusi ya makala, akasema naam, hii ni mikono ya fundi. Wanakuja kunichukua Alhamisi.

Walipoondoka, mutoto akaanza kunifundisha. Jana kutwa nzima, Étienne, minye mwanafunzi na yeye mwalimu. Akachora gurudumu mu mavumbi. Akanionyesha sumaku inakaa wapi, na waya wa shaba unaizunguka namna gani, na kwa nini maji yaanguke toka juu na si kutiririka tu. Nilisema nimeelewa. Akafuta, akasema chora weye. Nikachora kitu, akakiangalia muda murefu, akaniuliza kama ni kuku. Tulicheka. Halafu akafuta mavumbi yale kwa mukono, akaniambia babu, watakupiga. Watajua siku ya kwanza, watakupiga, kisha watauliza ni nani aliyejua. Akasema afazali apande pamoja na minye, nikae mbele nikijisifu kama kawaida, yeye nyuma anafunga nyaya kama mutumishi wangu. Nilikataa. Akasema basi Alhamisi atatoka mwenyewe kuwaambia kweli. Kichwa chake kigumu, sijui alikitoa wapi.

Kwa hiyo nilimudanganya, na huu ndio uongo mukubwa kupita yote niliyosema maisha yangu, na unajua siyo michache. Nilimwambia amenishinda, tutapanda pamoja. Lakini machini ya huko juu itahitaji waya munene wa shaba na sumaku kubwa, zile zinazokaa nyuma ya spika ya redio kubwa, alisema hivyo yeye mwenyewe wakati wa kunifundisha. Nikamwambia vitu hivyo viko kwa babu yake mudogo Étienne, fundi wa redio Kigoma, aende na mutumbwi wa Feza, avichukue, arudi haraka. Nikamwambia mutoto kwamba komanda amekubali kungoja mpaka yeye arudi. Komanda hajui kitu. Mutoto aliniamini, sababu hajanisikia hata siku moja nikisema sijui jambo na nahitaji musaada.

Basi yule msichana anayesimama mulangoni mwako sasa, na kitenge cha Feza mabegani, anangoja umupe waya na sumaku. Étienne, usimurudishe. Kila siku nilikuwa nakucheka kwamba mwanaume mzima anashinda akitafuta sauti ndani ya sanduku. Leo napiga magoti mbele yako na mbele ya hayo masanduku yako yote. Mwambie waya bado, unakuja wiki ijayo. Wiki ijayo mwambie sumaku imevunjika. Akikukasirikia, akasirike. Akilia, mupe chakula. Akitoroka kwenda ufukweni, mushikeni. Atakuchukia mwaka mzima, na minye atanichukia zaidi, ni sawa. Na usimuweke kuuza samaki wa ndagala sokoni. Mupeleke masomo, aanzie pale Sévère alipoachia, kwani Sévère alikimbia na hatujui yuko wapi. Mutoto huyu ataleta umeme wa mito yote, na siku hiyo weye mukubwa wa lupango usisimame. Muache asimame mwenyewe, aseme nimefanya minye.

Juu yangu usiwe na wasiwasi. Komanda yule anapenda kusikiliza, na minye naweza kuongea mpaka maji yenyewe yachoke. Nitaomba gurudumu lingine, nitasema kamuto haka kana maji mepesi, tutafute kengine. Nitaenda hivyo nikihesabu siku mpaka nijue mutumbwi umefika, kisha watajua, na kitakachofuata ni chao na Mungu. Ile taa ya maternite nimewaambia ni mbovu, haifai huko juu, ili waiache. Jana jioni ilikuwa inawaka.

Nisalimie bibi yako, nisalimie watoto kila mumoja kwa jina lake, na yule mudogo mwambie babu yake wa Uvira ni mutu mukubwa. Muombee mwenye kuandika barua hii ku misa ya Jumapili. Nami nikikaa mulimani nitawaombea ninyi.

Barua hii ichome ukimaliza, asiione yeye. Na ikiwa mutu yeyote, wa huku au wa huko, atakuuliza ni nani alitengeneza ule umeme, jina ni hili hapa chini, hakuna lingine.

Ni minye kaka yako,
Thaddée Ndayiragije,
fundi wa umeme wa Nyamianda