Kitambala ya Mama Juu ya Serveur

Bunia, quartier Saio
Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mama yangu mupenzi,

Kama Kahindo iko anakusomea hii barua, ni kusema dereva mwenye nilimupa barua amefika Butembo muzima, na tumushukuru Mungu mbele ya yote, juu ile njia tunaijua. Jambo sana, Mama. Magoti yako inasema nini na hii mvua? Na macho? Ungali unatarizi usiku na ile kataa kadogo ya mafuta, ao umesikia ile munganga alikuambia? Najua hujasikia. Mimi mwili ni muzima. Nakula, nalala, nafua nguo zangu mimi mwenyewe, na shati nyeupe imekuwa rangi ya udongo ya Bunia. Kahindo, usicheke, endelea kusoma. Na usiruke fasi hata moja, nakujua weye dada yangu.

Ku telefone singeweza kukuambia hii yote. Réseau inakatika, na ikishika weye unauliza tu "umekula?", kiisha unaanza kulia, na mimi nabaki kusema niko muzuri, niko muzuri.

Mama, siko muzuri sana. Wacha niseme leo. Majirani ni batu bazuri, bananisalimia, mama moja alinipa hata sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Lakini jioni kila mutu anaingia kwake, na mimi naingia kwangu, nafunga mulango, na hakuna mutu wa kuanza naye mazungumuzo. Ku kazi bananiita Technicien. Technicien kuya, Technicien angalia hii. Juma nzima inaweza kuisha, mutu hajaita Kakule.

Unakumbuka ile kitambala ulinipa ku agence ya magari siku ya kuondoka? Ile nyeupe nzito, na ndege mbili na maua ya rouge, umetarizi "Amani mu nyumba hii". Ulisema mutu hawezi kuanza nyumba bila kitambala. Bon, nilifika na kitambala, lakini nikakosa kintu ya kufunika. Kwetu unafunika redio, unafunika televizio, hata mashini yako ya kushona ikimaliza kazi unaifunika kama mutoto amelala. Mu kachumba kangu muko kitanda na bidon ya maji. Nifunike bidon? Ungenichapa. Njo nikaipeleka ku kazi.

Ile redio natumikia iko ku barabara ya Lumumba, ni karedio kadogo, lakini batu banaipenda juu ya communiqué, yale matangazo ya batu. Asubuhi utabaona banasimama ku mulango: huyu amefiwa, huyu anatafuta ndugu tangu siku balikimbia vita ya Djugu, huyu anataka tu kusema ku redio kama yeye ni muzima na iko wapi. Ordinateur ya zamani yenye ilichunga ile yote ilikufa. Chef akanunua serveur ku Kampala, ya mukono ya pili. Serveur, Mama, ni ordinateur kubwa yenye ordinateur zingine zote zinachota kwake. Lakini ilikuya bila système, ile programu ya kuiongoza, na bila système ni sanduku tu ya chuma. Kuiweka système njo kazi yenye ilinileta huku. Chef alisema wazi: iamke, nakupa contrat ya mwaka. Siku ya posho, mwisho wa juma, ikifika na haijaamka, naita technicien wa Kampala, na weye unarudi kwenu.

Sasa ile mashini ikiwaka inapiga kelele, ayi! Studio iko pembeni, na sauti ilikuwa inaingia mu micro, batu banafikiri redio iko na mvua. Tena Mama Charlotte, ule mama anafagia kwetu, akishika ufagio vumbi inasimama mu nyumba nzima. Nikasema, kumbe niko na dawa. Nikatandika kitambala yako juu ya serveur, ikashuka mbele mpaka chini, ndege zako zinaangalia mulango. Kelele ikapunguka. Wote bakaipenda. Chef mwenyewe akasema, "Sasa hapa kunafanana salon." Nilisikia kama weye njo ulikuwa unasifiwa, nikafurahi siku nzima.

Kiisha nikaanza kuweka système. Ku écran kuko musitari, unaona unatembea polepole, ukifika mwisho kazi imeisha. Ukapita katikati. Pwaa! Giza. Mashini imekufa. Nikaanza tena, ukapita katikati, giza. Nikasema ni clé yenye imebeba système njo imeharibika, nikaenda ku cyber kupakua ingine. Giza. Nikasema ni courant ya groupe, ile mashini yetu ya mafuta, inaruka-ruka, tukangoja courant ya muji. Giza. Nikafungua tumbo ya mashini, nikatoa mémoire moja moja, nikabadilisha disque, nikaangalia ventilateur zote, zile feni za kupoza: zinazunguka bila shida. Ikiwa wazi vile, ninaipima, inajibu muzuri kama mwanafunzi ya kwanza. Nafunga, naanza système, Mama Charlotte anashika ufagio, nashusha kitambala juu ya vumbi, nangoja. Giza.

Chef akaacha kunisalimia. Siku moja alisimama nyuma yangu, akauliza, "Technicien, ile masomo ulisoma wapi?" Mama Charlotte peke yake alinionea huruma. Yeye alikimbia upande wa Kpandroma, sasa anaikala na batoto bake mu nyumba ya wengine. Akanambia, "Mutoto ya Butembo, mashini inakataa kama mbuzi. Uiache ipumuzike." Nikacheka, lakini sikuelewa, na yeye pia hakuelewa, alikuwa anataka tu nikunywe chai.

Mama, nikuambie yenye sikuambia hata padiri. Mu moyo kulikuwa sauti inasema: iache. Iache ishindwe, urudi kwenu. Utaona haya siku kidogo, kiisha Mama atapika, na haya itaisha. Siku ya tano, nyuma ya saa sita, giza ilipokuya tena, sikuguswa. Nikasema bon, imeisha. Nikaanza kukusanya bintu byangu: tournevis, chargeur, sahani yangu. Mwisho nikashika kitambala yako nikunje.

Ilikuwa moto. Moto, Mama, kama vile umeipiga pasi sasa hivi. Nikaiweka ku uso, juu ya kutafuta harufu ya nyumba, na nikabaki nayo ku uso, akili yangu ikaanza kurudi. Pua ya ile mashini iko mbele. Inavuta hewa mbele, inatupa nyuma. Na mimi nilikuwa nimeifunga pua na ndege zako mbili. Kila mara nikiifungua inapumua, kila mara nikianza kazi yenyewe naifunika. Ikichoka na joto, inajizima isiungue. Balimu balitufundisha hii mambo, na nilijibu muzuri ku examen. Lakini kitambala, Mama! Nani angeshitaki kitambala? Wote tulikuwa tunaiona kila siku, na wote tulikuwa tunaisifu.

Nilisimama pale na kitambala ku mukono, na mutu hakuwa mu nyumba. Ningeweza kuikunja nayo hiyo siri ndani, nitie mu sakoshi, nipande gari. Nilifikiri hivi kweli. Nilikuona mu mawazo, umesimama ku mulango ya kwetu. Kiisha nikasikia batu inje, balikuwa banangoja mutangazaji aandike communiqué zao ku mukono, na mama moja alikuwa anarudilia jina ya mutoto wake polepole, juu baandike muzuri. Nikarudi kuwasha mashini.

Musitari ukatembea. Ukapita katikati. Nilikuwa napepea ile serveur na kipande ya carton kama mutu anapepea mugonjwa. Ukafika mwisho. Mama Charlotte, mwenye alikuwa amerudi na chai, akapiga kelele za furaha, chef akakuya mbio akafikiri kuko moto, na mimi nikalia. Balisema Technicien analia na furaha. Nilibaacha baseme.

Njo habari yenyewe, Mama, na Kahindo asome polepole. Contrat ya mwaka nimesaini. Kwa hiyo ku Noël sitakuya. Nilikuahidi, na sitakuya. Usiniwekee kuku ile ya Noël, muichinje mukule. Serveur tumeipeleka mu chumba ya nyuma, ipige kelele huko peke yake, na zile communiqué zote sasa iko ndani yake.

Unisalimie kaka Paluku, mukubwa wa nyumba, umuambie shamba ya ndizi asiuzishe mbele tuzungumuze. Unisalimie shangazi wa pale sokoni, na muzee catéchiste mwenye alinibatiza, na muke wa Paluku na batoto bote. Weye usinitumie kitambala ingine. Hii moja imerudi Saio, nalala nayo ku kifua, na ndege zako zinaangalia juu.

Na weye Kahindo, ukimaliza kusoma, kunja barua, kiisha umuache Mama aende ku mulango aniite jina yangu mara moja kwa sauti, vile alikuwa ananiita kula. Sitasikia. Lakini umuache aite.

Mutoto wako,
Kakule