Kwa Baba Penseli, Fundi wa Meza za Duara

"Sasa huyo mtoto wenu asiyesikia anakwenda kujifunza kumwongoza nani?"

Ndivyo jirani yetu mshonaji alivyokuuliza, mguu bado uko kwenye cherehani, siku ulipopita mbele ya mlango wake umebeba begi la binti yetu kichwani. Ulikuwa unampeleka kwenye kambi ya uongozi ya vijana viziwi, likizo ile ndefu. Wewe hukuwa mtu wa kubishana njiani. Ulimjibu, "Akirudi tutajua, shemeji," ukashika njia.

Ni mwaka mmoja sasa, mume wangu, tangu Mwenyezi Mungu alipokuita, randa yako ikabaki kwenye meza ya kazi na maranda yake mdomoni. Sijayaondoa. Tunalia kidogo, lakini tukikutaja tunacheka zaidi, na najua ndivyo ungependa.

Kule kambini ulikwenda kumsindikiza mtoto tu. Ulipoona vijana wanakula sahani zikiwa magotini, roho ya useremala haikutulia. Likizo iliyofuata ukawapelekea meza mbili ndefu na mabenchi yake, umezipiga randa mpaka mtu anajiona uso. Vijana wakakushukuru, wakaketi. Mara huyu anainama, yule anasimama, wa mwisho anarefusha shingo kama twiga, chakula kinapoa. Ukadhani miguu ya meza imepishana. Ukaingia uvunguni na kipimo chako.

Binti yetu ndiye aliyekuvuta shati ukatoka. Akakuambia kwa mikono, "Baba, miguu ni mizima. Waliokaa mstari mmoja hawaonani mikono. Umetuziba midomo."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Kisha ukashika msumeno, ukazikata zile meza nzuri, ukaziunga upya duara. Binti yetu akapanga kazi: nani ashike mbao, nani apige msasa, nani akoroge gundi. Na wewe, fundi uliyezeekea kwenye mbao, ukatumwa misumari kama mwanagenzi. Uliporudi uliniambia umepata msimamizi mkali kuliko marehemu mama yako. Huko ndiko vijana walikokupa jina lao, kidole kinachopita nyuma ya sikio, pale penseli yako ilipokaa miaka yote. Baba Penseli.

Jirani hakuwa amesahau swali lake. Alipokuuliza tena, basi, mtoto kamwongoza nani, ukamjibu umenyooka: "Ameanza na mimi, shemeji."

Ukaja ukaikata na meza yetu ya nyumbani. Nilinung'unika sana, ilikuwa zawadi ya harusi yetu. Lakini jioni ile mwanetu wa kiume alisimulia kituko cha kazini kwake, kwa mdomo na kwa mikono, na dada yake akacheka pamoja nasi, wakati ule ule. Miaka yote alikuwa akiletewa kicheko kimeshapoa, kama kiporo. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, na habari ya meza ya harusi ikaishia hapo.

Tunakumbuka ulivyokuwa unaamka na sala, ukitoka kwenye sala unaingia kwenye nyimbo, na nyimbo zako zilikuwa na sauti ya msumeno mbovu. Binti yetu alikuwa akikutania kwamba nyumba nzima yeye peke yake ndiye asiye na malalamiko. Hukuwahi kumdharau mtu mezani kwako, wala kumaliza kusema kabla hujamtazama kila mmoja usoni.

Msiba wako ulipotufika, kambi uliyokuwa ukiisimamia miaka ya mwisho ilikosa mtu, ikalala. Mwaka huu vijana wale wa zamani, sasa watu wazima wenye kazi zao, wamekataa ife. Wamemchagua binti yako aiongoze. Ikaangukia kwamba inafunguliwa leo, siku yako. Juzi tulikaa mezani kwa jambo hilo. Kaka yako mkubwa alisema mtoto hakosi sala ya baba yake, kambi na isubiri mwaka mwingine. Mimi nilikuwa nawatazama. Binti yako akagonga meza kwa kiganja, sote tukamgeukia. Akasema kwa mikono, polepole ili mzee afuate:

"Baba mkubwa, ninyi msali hapa, sisi tutasali kule, kwenye meza zake. Vijana wameshaanza safari. Wakifika, nani atawapokea?"

Kaka yako akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshaiona penseli yako nyuma ya sikio la mtoto, na begi lake limeshafungwa mlangoni. Nikamwambia, "Shemeji, mwache aende. Mwenzangu angekuwa hai, saa hizi begi lingekuwa kichwani kwake."

Pumzika kwa amani ya Mungu, Baba Penseli. Kila tutakapoketi duara, utakuwa umeketi nasi, siku zote za maisha yetu. Wanaokukumbuka ni mimi mkeo. Mwanao wa kiume na mkewe. Wajukuu zako, ambao wameanza kuongea kwa mikono kabla ya kutembea. Binti yako, kiongozi wa kambi. Na kaka yako mkubwa, ambaye aliposikia maneno yangu aliinuka, akalichukua lile begi, akajitwika kichwani, akatoka.