Leso Yako Iko Shuleni

Wambui, mtoto wangu,

Nimekukasirikia. Nakwambia mapema, usifikiri naandika kwa upole. Ni wewe ulipaswa kunizika mimi. Sasa nakaa kwa nyumba yako ya kupanga hapa Kimbo, mbuzi wangu nimemwachia dada yako Njeri huko Gatuanyaga, na msichana wako bado haongei.

Unakumbuka vile ulizungushwa? Mwalimu anasema, "Mpeleke kwa daktari, anauma wenzake." Daktari wa Thika anasema, "Mwambie mwalimu avumilie." Wewe ukawa wa kubeba maneno ya watu wawili wenye simu. Ulipokufa, shule ikaniita, eti mtoto atafutiwe pahali pengine. Nikawaambia huyu aliitwa jina langu, Nyokabi, na Nyokabi hafukuzwi. Mpigieni daktari simu nikiwa hapa.

Wakaongea. Haiya, kumbe ni rahisi hivyo! Daktari akaja mwenyewe, akaketi darasani kwa kile kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Akaona ni kengele ikilia ndiyo mtoto anaanza kuuma. Akasema afungwe nguo imbane mwili mzima, atatulia. Mwalimu akauliza, nguo gani? Nikalia mbele yao, Wambui. Si wewe ulimbeba mgongoni na leso, mkubwa vile, mpaka majirani wakakucheka: "Mama Nyokabi, huyo unampeleka harusini?"

Lakini baada ya mazishi tuligawana nguo zako, na leso ilienda na Njeri. Nikaifuata huko huko, nikamnyang'anya. Alikuwa ameifua, mjinga yule. Inanuka sabuni tu. Nyokabi akainusa, akaitupa chini. Akaiokota, akainusa tena. Kisha akalia vile hakulia kaburini. Asubuhi nikaipeleka shuleni.

Siku hizi mwalimu humfunga nayo kabla ya kengele. Hajauma mtu tangu shule zifunguliwe. Atabaki, wamesema. Jambo uliloomba mpaka ukakonda, limekuja ukiwa udongoni. Hiyo ndiyo inanichoma.

Jioni nikienda kumchukua, ananipita hapo langoni kama mimi ni mti, anakutafuta nyuma yangu. Wacha anipite. Kesho nitakuwa hapo, mvua inyeshe, magoti yakatae. Mpaka siku atanishika mkono mwenyewe, mimi siendi popote, hata huko kwenu udongoni.

Lala, mwanangu. Huyu niachie.

Mama yako