Majani ya Mepo na Majani ya Elisante

Mama Neema, mke wangu,

Hamjambo hapo Marangu? Neema kikohozi kimemwachia? Mimi huku Kanada mwili ni mzima, ila moyo una walakini, na utausikia hapo chini.

Kwanza ucheke. Bosi ana farasi mzee, nami unanijua, siwezi kuona mnyama kafungiwa bandani nikapita mikono mitupu. Juzi upepo uliangusha tawi la mti wa mepo, ule ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada, majani yakanyauka, nikambebea. Bosi alikuja mbio akayapokonya mdomoni mwa farasi! Kumbe mepo si mmoja. Ule mwekundu, majani yake yakinyauka ni sumu kwa farasi.

Basi akanitembeza msituni. Mepo wa sukari, ule tutakaougema utomvu mtamu mwisho wa baridi, jani lake lina ncha tano na kingo laini, na gome la mti mzee hubanduka upande mmoja kama ubao uliopigiliwa vibaya. Mwekundu una meno ya msumeno, na gome la mti mchanga ni laini, la kijivu.

"Baridi ikija majani yote yatapukutika," aliniambia, "utabaki na gome tu. Lijue."

Farasi hakudhurika. Nikarudi chumbani, nikasoma tena ujumbe wako: "Usihangaike, jirani yetu Elisante anamletea ng'ombe majani kila asubuhi."

Mama Neema, naona wivu. Basi, nimesema. Mwanamume gani wa Marangu hujitwisha majani, kazi ambayo kwetu huachiwa wanawake, kwa ajili ya ng'ombe wa mwenzake? Mimi mwenyewe, kabla sijakuoa, ng'ombe wa mama yako alishiba majani yangu msimu mzima, na wala sikuwa nampenda ng'ombe.

Neema mpe busu la baba yake. Mdogo wangu Aminieli mwambie anoe panga. Kuanzia leo majani ni kazi yake. Mama mkwe mpe shikamoo yangu, na umuulize kama anakumbuka siku aliyokuita utoke jikoni uniletee kiti. Hapo ndipo nilipojua nimekubaliwa.

Nimekufungia humu jani moja la kila mepo, uyapambanue mwenyewe. Sitaki maelezo marefu, nijibu hili tu: Elisante akishatua mzigo, huwa unampa kiti?

Ni mimi mumeo,
Baba Neema