Usitupe Wavu Kwetu

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, kwenye ulimi wa ardhi mliohamia bwawa lilipojaa. Siku hizi si ulimi tena. Mvua imepandisha maji, njia ya kwenda barabarani imezama, na tumebaki mimi, Mama na mtumbwi wako. Nilikuja kuandika habari ya mafuriko nirudi Embu jioni. Leo ni siku ya tano.

Unakumbuka ulivyonifunza kuvua? Mashamba ya Mbeere yalizama pamoja na miti yake, lakini nyinyi wavuvi mliendelea kuyaita kwa majina ya wenyewe. Ulipiga kasia ukiniambia, "Hapa ni kwa Njeru. Ukitupa wavu utanasa kwenye mti wake wa mukau." Tulipita kwa Njeru, kwa Mbogo, kwa yule mwalimu aliyefuga fahali mkali. Abiria uliowavusha walikutania kwamba wewe ni chifu wa kambale. Mahali pamoja tu hukupataja. Uliinua kasia, mtumbwi ukapita wenyewe. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba palikuwa kwetu.

Asubuhi nimepima tena. Kijiti nilichochomeka ukingoni nimekihamisha mara tatu. Maji yamefika hatua kumi na moja kutoka jikoni. Nimeweka mkoba wangu mtumbwini, nikamwomba Mama apande. Amekataa kwa sauti ileile anayokatalia chai iliyopoa.

"Nilihamishwa mara moja, mimi pamoja na mbuzi wangu. Mara hii wahamishe maji."

Nimemweleza yote ninayowaeleza watu redioni: mamba, viboko, nyumba ya udongo isivyostahimili. Amesikiliza akichambua maharagwe. Miaka yote hii nimeandika kwamba wakazi wamekaidi amri ya kuhama. Sikuwahi kukaa nao hadi chakula kiive. Kumbeba siwezi. Kumwacha siwezi.

Mchana ameniuliza, "Hapa pakizama, wavuvi watapaita kwa nani?"

Nikamjibu kwamba watapaita kwako, Baba.

"Huyo alishakufa. Anayekaa ni mimi."

Kisha akaniambia nikatazame kijiti.

Nimekikuta majini. Nimekirudisha nyuma, sasa hatua tisa kutoka jikoni, halafu nikautoa mkoba mtumbwini. Kamba nimeifunga kwenye nguzo ya jikoni, fundo lile ulilonifunza, linalofunguka kwa mvuto mmoja. Wenzako wa huko chini wakikuuliza habari zangu, waambie nimenasa kwa Mama.

Ni mimi,
kifungua mimba wako